Winta ya Nairobi Huja Mara Mbili kwa Siku

Kila Desemba ni stori ile ile. Intaneti inajaa picha za theluji kutoka New York, Berlin na Prague. Nyeusi na nyeupe, miti haina majani, mtu mmoja anavuka barabara na kivuli chake kimelala mbele yake kirefu kumliko. Ukishuka kwa komenti, Wakenya wako hapo: "Manze, mwangaza kama huu huku kwetu hatuna." Kufikia jioni mtu ashaanza kuuza preseti yenye jina la theluji, unalipa kwa M-Pesa, na wasee wa Umoja, Rongai na Nyali wanaipaka juu ya picha walizopiga saa saba mchana.

Leo nataka tuishike hiyo komenti kwa shati tuiulize maswali. Kwa sababu si kweli. Huo mwangaza tunao. Tatizo ni kwamba tumeona picha bila kusoma historia yake, na historia yake si ya watu waliobarikiwa na hali nzuri ya hewa. Ni ya watu waliotoka nje wakati kila mtu mwenye akili timamu alikuwa ndani, wakasubiri, wakaambiwa picha zao ni mbovu, wakabaki na msimamo.

Tuanze na jua, kwa sababu hapo ndipo uongo unapoanzia.

Jua la chini, basi

Dunia imeinama nyuzi 23.4. Ndiyo maana wenzetu wa kaskazini wana majira na sisi tuna mvua na kiangazi. Tarehe 21 Desemba, saa sita mchana, ukisimama New York, jua liko nyuzi 26 tu juu ya upeo wa macho. Hapo ndipo juu kabisa litafika siku hiyo. Mtu wa mita 1.7 anaangusha kivuli cha mita 3.5. Prague ni kali zaidi: jua linafika nyuzi 16 na nusu hivi, na mtu yule yule anaburuta kivuli cha karibu mita 5.7. Mchana! Saa ile sisi tunatafuta mti wa kujikinga.

Nairobi siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, jua liko nyuzi 68. Kivuli chako hakifiki hata mita moja. Kimejikunyata miguuni kama paka. Uso unapata kivuli chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya kidevu, na mtu mrembo anatoka kama hajalala wiki mbili.

Kwa hivyo tofauti ipo, sikatai. Lakini angalia vizuri ni tofauti ya nini. Ni urefu wa jua kutoka ardhini. Na jua letu pia linapita hapo chini, kila siku, mwaka mzima. Linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hadi karibu saa mbili na robo bado liko chini ya zile nyuzi 26. Jioni linarudi hapo kuanzia kama saa kumi na moja kasorobo hadi lizame. Hesabu: ni karibu saa tatu na nusu kila siku ambapo jua la Nairobi liko chini kama, au chini kuliko, jua la mchana la New York katikati ya majira ya baridi.

Wao wanalipata kwa miezi michache, wakiwa na glavu. Sisi tunalipata mara mbili kwa siku, tukiwa na sweta tu. Halafu tunakaa kwa mat tukiteremsha simu, tunangojea saa saba ndiyo tutoke kupiga picha.

Theluji yenyewe je? Theluji mpya inaakisi asilimia 80 hadi 90 ya mwangaza unaoipiga. Inafanya kazi ya karatasi: kitu chochote cheusi juu yake kinaonekana kama wino. Hiyo hatuna, sawa. Tuna kuta zilizopakwa chokaa, mabati mapya, mchanga wa Pwani, lami iliyolowa baada ya mvua. Lakini hata hayo si muhimu kama watu wenyewe. Kwa hivyo tuende kwa watu.

Jamaa aliyesimama kwa theluji saa tatu

Alfred Stieglitz alizaliwa 1864 huko Hoboken, New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka New York. Familia yake ilikuwa na pesa na asili yake Ujerumani, kwa hivyo alipelekwa Berlin kusomea uhandisi. Kule akanunua kamera, akaacha uhandisi, akafuata picha. (Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo hiyo sehemu niliisoma mara mbili.) Mwaka wa 1890 alirudi New York.

Ili uelewe alichofanya baadaye, lazima ujue picha zilikuwa zinapigwa vipi. Miaka michache nyuma, mpiga picha alikuwa anapaka dawa kwenye bamba la kioo, anapiga likiwa bado limelowa, na kuliosha kabla halijakauka. Dakika kama kumi hivi ndizo alikuwa nazo. Sasa jaribu hiyo kwa baridi ya kugandisha. Kufikia miaka ya 1880 yalikuwepo mabamba makavu unayonunua dukani, na kamera ndogo za kushika mkononi. Lakini wakubwa wa sanaa walizidharau hizo kamera. Kwao zilikuwa za watalii na watoto wa matajiri. Mpiga picha wa kweli alikuwa na kamera kubwa, miguu mitatu ya mbao, na jua zuri.

Stieglitz akaazima kamera ya mkononi kwa rafiki. Tarehe 22 Februari 1893 dhoruba ya theluji ilipiga New York. Akaenda Fifth Avenue akasimama. Kwa maelezo yake mwenyewe alisimama hapo saa tatu, akingojea vitu vyote vikae mahali pake. Mwishowe gari la kukokotwa na farasi likaja kutoka kwenye ule ukungu mweupe, dereva ameinua mkono, mifereji ya magurudumu imechimbika kwa theluji mbele yake. Akabonyeza.

Aliporudi kwenye chama cha wapiga picha, wenzake walimcheka. Walimwambia haionekani vizuri, atupe. Hakutupa. Alichukua sehemu tu ya ile negativu, akakata pembeni akabakisha pale palipokuwa na nguvu, na hiyo ndiyo picha tunayoijua leo kama "Winter, Fifth Avenue". Majira hayo hayo ya baridi alipiga "The Terminal": farasi wa tramu wamefika mwisho wa njia, dereva anawahudumia, mvuke unapanda kutoka miilini mwao kwenye baridi. Ukiiangalia unausikia ule mvuke.

Angalia kitu kimoja. Picha ya Fifth Avenue haina jua. Haina hata kivuli cha maana. Mwangaza ulikuwa mbovu kabisa kwa vigezo vya wakati huo. Na ndiyo iliwafungulia wapiga picha mlango wa hali mbaya ya hewa. Baada ya hapo mvua, ukungu, theluji na usiku vikawa vitu vya kupigwa picha, siyo sababu ya kubaki nyumbani. Ukisikia mtu wa Nairobi akilia kwamba Julai na Agosti mawingu yameharibu kila kitu, mwambie kuna jamaa alimaliza hiyo kesi 1893.

Kivuli kilikuwa hakionekani

Hii sehemu hawakufundishi kwa zile video za dakika moja, na kwangu ndiyo tamu.

Mabamba ya kwanza ya picha hayakuona rangi zote. Yaliona bluu na zambarau, basi. Nyekundu na manjano kwao zilikuwa giza. Sasa fikiria theluji siku ya jua. Kivuli juu ya theluji si cheusi, ni cha bluu, kwa sababu pale jua limezuiwa mwangaza unaobaki unatoka kwa anga. Kwa hivyo bamba linaloona bluu sana linakuta theluji nyeupe, na kivuli cha bluu pia linakiona karibu cheupe. Kivuli kinafifia. Anga nayo inatoka nyeupe tupu, bila wingu hata moja.

Mwaka wa 1873, mkemia wa Berlin anayeitwa Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba ukiongeza rangi fulani kwenye dawa ya bamba, linaanza kuona kijani na manjano. Na huyo Vogel, miaka kama kumi baadaye, alikuwa nani? Mwalimu wa Stieglitz. Mnaona vile stori inajifunga yenyewe. Mwaka wa 1906 kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza ikaanza kuuza mabamba yanayoona rangi zote hadi nyekundu.

Hapo ndipo mchezo ukabadilika. Ukiwa na bamba linaloona nyekundu, unaweza kuweka kioo chekundu mbele ya lenzi kikazuia bluu. Anga ya bluu inakuwa karibu nyeusi. Vivuli kwenye theluji vinazama. Mwaka wa 1927, Ansel Adams, kijana wa miaka 25, alipanda mlima Yosemite huko California kukiwa bado na theluji. Alikuwa amebaki na mabamba mawili tu ya kupiga jabali la Half Dome. La kwanza alitumia kioo cha manjano. La mwisho akaweka chekundu kizito, na anga ikatoka nyeusi kama alivyohisi akiwa pale, ingawa kwa macho ilikuwa bluu ya kawaida.

Kwa hivyo zile picha za "uhalisia" zilikuwa uamuzi. Mtu aliamua kivuli kiwe kizito kiasi gani. Na hicho kioo chekundu unacho kwa simu yako: geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha shusha rangi ya bluu pale kwenye programu ya kuhariri. Ni kazi ile ile, bila kupanda mlima. Ukielewa hilo, preseti ya mtu inakuhusu nini?

Kivuli kikawa na maoni

Paul Strand alizaliwa New York 1890. Akiwa shule alifundishwa kamera na Lewis Hine, yule aliyepiga picha za watoto wakifanya kazi viwandani Marekani. Mwaka wa 1915 Strand alipiga picha inayoitwa "Wall Street". Haina theluji hata chembe. Ina jua la chini tu la asubuhi, jengo jipya la benki ya J.P. Morgan lenye madirisha makubwa kama milango ya kaburi, na watu wadogo wanaokimbilia kazini, kila mmoja anaburuta kivuli kirefu nyuma yake.

Hakuna maandishi kwenye ile picha. Hakuna bango. Lakini unajua papo hapo nani ana nguvu na nani hana. Yale madirisha meusi yamewameza watu. Kwa kutumia mwangaza peke yake, Strand alitoa maoni kuhusu pesa. Mwaka uliofuata Stieglitz aliichapisha kwenye jarida lake, Camera Work.

Na kwa wanaodhani hii ni stori ya Wazungu wa mbali: Strand huyo huyo, akiwa mzee, alialikwa Ghana na Kwame Nkrumah. Alipiga picha huko 1963 na 1964, na kitabu chake kuhusu Ghana kikatoka 1976. Jicho lililojifunza kwenye jua la chini la New York lilikuja kufanya kazi Afrika, chini ya jua letu, na halikulalamika kuhusu mwangaza.

Halafu kuna André Kertész, Mhungari, mzaliwa wa Budapest 1894. Paris alikuwa mtu mkubwa. Akahamia New York 1936 na mambo yakamgeukia. Wahariri walimwambia picha zake zinaongea sana. Fikiria kuambiwa hivyo. Vita vikaanza, kurudi ikawa ngumu, akaishia kupiga picha za sebule na vitanda vya watu kwa jarida la mapambo ya nyumba kwa miaka mingi. Kazi ya kulipa kodi. Wengi wetu tunaijua hiyo kazi: leo menyu ya hoteli, kesho viatu vya mtu.

Mwaka wa 1952 akahamia ghorofa ya 12, juu ya bustani ya Washington Square. Tarehe 9 Januari 1954 theluji ilianguka. Kertész akaangalia chini na lenzi ndefu. Vijia vyeupe vinapinda kama maji, uzio mweusi unavifuata, matawi yasiyo na majani kila mahali, na katikati mtu mmoja anatembea. Mmoja tu. Leo ni kati ya picha zake zinazojulikana zaidi. Aliipiga bila kutoka kwake. Wahariri walikuwa wamemfungia milango, lakini dirisha hawakuweza.

Mkono mmoja, dirisha moja

Kama bado unasema huna vifaa, kutana na Josef Sudek.

Sudek alikuwa Mcheki, alizaliwa 1896, na alipoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kisha akachagua kazi inayohitaji mikono miwili na nusu: kubeba kamera kubwa za mbao na miguu yake mitatu ndani ya jiji la Prague, kwenye vilima, kwenye bustani, kwenye baridi. Mtu wa mkono mmoja. Alifanya hivyo hadi uzeeni, alikufa 1976.

Wanazi walipoikalia nchi yake, kuzunguka jijini na kamera ikawa jambo la hatari. Kuanzia 1940 Sudek akageuza kamera kuelekea dirisha la studio yake. Nje kulikuwa na ua mdogo na mti mmoja uliopinda. Kioo kilishika ukungu, matone, na majira ya baridi kikashika barafu nyembamba yenye maua yake. Alipiga dirisha lile lile hadi 1954. Miaka 14. Kioo kimoja, mti mmoja, mwangaza ukibadilika.

Hakuwa anachoma karatasi kuwa kubwa pia. Aliweka negativu moja kwa moja juu ya karatasi, picha ikatoka saizi ya negativu. Ukizitazama ni laini sana, giza ndani ya giza, na bado unaona kila tone. Mimi sijui chumba chenye mwangaza mdogo zaidi ya hicho, na mtaani kwetu kuna vyumba vya giza kweli.

Farasi na seng'enge

Sasa rudi kwa Ansel Adams, maana hapa kuna kitu kinachonisumbua.

Mwaka wa 1944 alipiga "Winter Sunrise", mji wa Lone Pine, California. Milima ya Sierra Nevada imewashwa na jua la asubuhi, mbele yake kilima cheusi tii, na chini kabisa ukanda wa mwangaza ambamo farasi mmoja anakula nyasi zenye barafu. Adams alijaribu asubuhi nne mfululizo bila kufaulu. Siku ya tano alifika kukiwa giza, akaweka kamera juu ya paa la gari lake, akaingia ndani kujipasha moto. Jua lilipokaribia akatoka. Farasi akawa amempa mgongo. Akangoja. Dakika ya mwisho farasi akageuka upande, akabonyeza.

Kuna herufi mbili kubwa, L na P, ambazo wanafunzi wa huko walikuwa wameziandika kwa mawe meupe kwenye kilima. Adams alizifuta kwenye picha. Hakutaka zionekane.

Lakini alikuwa anafanya nini hapo? Alikuwa anatembelea Manzanar, kambi iliyokuwa karibu na mji huo, ambapo serikali ya Marekani ilikuwa imewafungia karibu watu 10,000 wa asili ya Japani, wengi wao raia wa Marekani, bila kosa lolote. Adams aliwapiga picha pia na akatoa kitabu kuwatetea mwaka huo huo. Namheshimu kwa hilo. Ila picha iliyopata umaarufu ni ya farasi.

Na ndani ya kambi kulikuwa na mpiga picha mwingine. Toyo Miyatake alikuwa na studio yake Los Angeles kabla ya kufungwa. Wafungwa walikatazwa kuwa na kamera. Miyatake aliingiza lenzi kwa siri, akatengenezewa kasha la mbao, akaanza kupiga picha kwa kujificha, hadi baadaye akaruhusiwa. Moja ya picha zake inaonyesha vijana watatu nyuma ya seng'enge. Jangwa lile lile, milima ile ile, mwangaza ule ule wa Adams. Mmoja alisimama juu ya gari lake na mwingine alikuwa ndani ya uzio na kamera ya mbao.

Ndiyo maana nasema mwangaza si mapambo tu. Mahali unaposimama kunaamua unachokiona. Watu wa nje watakuja kupiga farasi. Sisi ndio tunajua seng'enge iko wapi.

Mita haikujui

Tufike nyumbani sasa, kwa kitu kitakachokusaidia kesho asubuhi.

Kamera yako, hata ya simu, ina mita inayopima mwangaza. Mita ni mjinga mwenye sheria moja: inadhani wastani wa kila kitu duniani ni kijivu cha kati. Ukiielekeza kwa theluji inasema, "Hii imezidi kung'aa," inaishusha, na theluji inatoka kijivu kama majivu. Wapiga picha wa majira ya baridi walijifunza zamani: kwenye theluji unaipinga mita, unaongeza mwangaza. Adams na mwenzake Fred Archer waliligeuza hilo kuwa mfumo kamili mwaka wa 1939 na 1940, wakifundisha shule ya Art Center, Los Angeles. Waligawanya mwangaza kutoka nyeusi tupu hadi nyeupe tupu, na mpiga picha anaamua kila kitu kikae ngazi gani. Wewe unaamua. Mita inashauri tu.

Sasa weka uso mweusi mbele ya ukuta mweupe, au mbele ya anga ya saa saba. Mita inaona weupe mwingi, inashusha kila kitu, na uso unapotea. Macho na meno tu. Ukiweka uso huo huo mbele ya giza, inaupandisha hadi unapauka. Shida ya theluji na shida ya ngozi yetu ni shida moja: mashine inavuta kila kitu kuelekea katikati, na sisi hatukai katikati.

Ndiyo maana hizo preseti zinaniudhi. Zilitengenezwa kwa picha za mtu mweupe kwenye theluji. Nimeona albamu ya harusi ya mtaani kwetu, shosho wa bibi harusi ameketi mstari wa mbele na leso yake nzuri, na preseti imempaka rangi ya jivu. Hakuna mstari hata mmoja wa uso wake uliobaki. Huyo shosho alifariki baadaye, na hiyo ndiyo picha iliyopo. Huko ndiko hii mambo inafika. Wachana na ladha. Ni kumbukumbu za watu.

Na usiniambie ati huo ujuzi ni wa kigeni. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi 1935, alisoma hiyo hiyo shule ya Art Center, kisha akarudi kupiga picha za Afrika ikipata uhuru kwa majarida ya Time na Life. Aliuawa kwa risasi akiwa kazini 1968, vita vya Biafra. Picha zake nyingi zilikaa miongo kadhaa zikiwa zimesahaulika, hadi jamaa yake alipozipata kwenye gereji Nairobi. Gereji! Historia ya picha nyeusi na nyeupe ya Kenya ilikuwa imekaa kwenye vumbi huku sisi tukinunua theluji ya kuazima.

Sasa ufanye nini

Kesho amka. Saa moja asubuhi uwe nje, barabara yoyote inayoelekea mashariki. Jua likiwa mbele yako, watu wanakuja wakiwa na vivuli vyao mbele, wanakutumia. Likiwa nyuma yako, vivuli vinawatangulia ukutani. Gusa uso wa mtu kwenye skrini ili simu ipime hapo, kisha teremsha au pandisha mwangaza mwenyewe kwa kidole. Usiiachie mashine. Na muulize mtu kama ni sawa kumpiga. Asubuhi watu wako na haraka na haki yao.

Chagua mahali pamoja. Sudek alikuwa na dirisha. Wewe una steji ya mat, una daraja la watembea kwa miguu, una mama wa chapati ambaye moshi wa jiko lake unapanda kwenye jua kama ule mvuke wa farasi wa 1893. Rudi hapo siku tano. Rudi thelathini. Picha ya kwanza itakuwa ya kawaida, ya kumi pia. Stieglitz aliambiwa atupe, Kertész aliambiwa zinaongea sana, Adams alishindwa asubuhi nne. Wote walirudi.

Halafu saa mbili na robo ikifika, jua likipanda, zima simu uende kazini. Jioni saa kumi na moja kasorobo winta inarudi tena.